Neno *She* na Wajifunzaji Wachina: Historia ya Kiwakilishi Kilichozaa Herufi

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kukutana kwa wajifunzaji Wachina na neno *she* la Kiingereza, kuanzia sarufi za wamisionari za mwanzoni mwa karne ya 19 hadi kukubalika kwa herufi 她 katika maandishi ya Kichina ya karne ya 20. Yanajenga hoja mbili. Kwanza, ugumu wa neno hili kwa mjifunzaji hautokani na maana yake, bali unatokana na uamuzi ambao neno linamtaka msemaji aufanye kabla hajafungua kinywa. Pili, herufi mpya iliingia katika jicho la msomaji bila kuingia katika ulimi wa msemaji, na ndiyo maana kosa la kuchanganya *he* na *she* limedumu hadi leo. Kiswahili, ambacho nacho hakibagui jinsi katika nafsi ya tatu, kinatumika kama kioo cha kulinganishia.

1.0 Utangulizi

Mwalimu wa Kiingereza wa Dar es Salaam na mwenzake wa Beijing wakiketi meza moja, kuna kosa moja watakalolitambua wote wawili bila kuelezana. Mwanafunzi anasimulia habari za mama yake. Sentensi ya kwanza ni safi, ya pili ni safi, ya tatu pia. Katika ya nne mama anageuka kuwa *he*. Darasa linacheka, mwanafunzi anajisahihisha, na baada ya dakika mbili anarudia kosa lilelile. Ukimpa karatasi aandike maana ya *she*, ataandika bila kusita. Hakosi maarifa. Ni kitu gani basi anachokikosa?

Mazoea ya walimu wengi ni kulijibu swali hili kwa neno moja: uzembe. Makala haya yanalikataa jibu hilo. Yanapendekeza kwamba kosa hili lina historia, na kwamba historia hiyo imeandikwa waziwazi kuliko kwingineko katika lugha ya Kichina, ambako neno dogo la Kiingereza liliwasukuma wanazuoni kuipa kazi mpya herufi ambayo leo huandikwa na mamilioni ya watu kila siku. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kuifuatilia historia hiyo, kwa kuwa lugha yake imesimama mlangoni pale pale, ikaamua kutoingia.

2.0 Neno lenyewe na safari yake

Ni rahisi kudhani kwamba *she* ni neno la asili lisilo na misukosuko. Sivyo. Katika Kiingereza cha Kale, nafsi ya tatu umoja ilikuwa *hē* kwa jinsi ya kiume na *hēo* kwa jinsi ya kike. Mabadiliko ya sauti yaliyofuata yaliyasogeza maumbo haya mawili hadi yakakaribia kufanana kabisa katika baadhi ya lahaja. Kwa kipindi fulani, Kiingereza nacho kilikaribia kuwa lugha isiyotofautisha mwanamume na mwanamke kwa kiwakilishi kinachosikika. Umbo jipya la kike linaloanza kwa sauti iliyozaa *sh* ya leo linajitokeza katika Kumbukumbu za Peterborough za karne ya 12, katika maelezo ya mwaka 1140. Asili ya umbo hilo bado inabishaniwa na wanaisimu: wapo wanaolitoa katika *hēo* yenyewe, na wapo wanaolitoa katika kioneshi cha kike *sēo*. Katika usemi wa watu wa Lancashire, umbo la zamani liliendelea kuishi kama *hoo* kwa karne nyingi baadaye.

Wakati huohuo, Kiingereza kilikuwa kikipoteza mfumo wake wa jinsi ya kisarufi katika nomino. Meza, jiwe na jua havikuhitaji tena kuwa vya kiume au vya kike. Kilichobaki ni mabaki katika viwakilishi vya nafsi ya tatu. Hivyo *she* ya leo haipatani na ngeli ya nomino kama viambishi vyetu vipatanavyo. Inapatana na kile anachokijua msemaji kuhusu mtu anayetajwa. Kutokana na kiini hicho zimechipuka matumizi ya ziada: meli, nchi na wanyama wa kufugwa huweza kuitwa *she*. Hata hayo hayakutulia. Gazeti la habari za meli la Lloyd's List, la London, liliacha kuziita meli *she* mwaka 2002, likaanza kuziita *it*.

Kuna jambo la tatu linalomtatiza mjifunzaji. Mwaka 1850, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya ufafanuzi iliyoeleza kwamba maneno ya jinsi ya kiume katika sheria yatachukuliwa kuwa yanajumuisha wanawake. Kwa hiyo *he* iliweza kumbeba mwanamke, lakini *she* haikuweza kumbeba mwanamume. Jozi inayofundishwa darasani kama mizani yenye sahani mbili zilizo sawa haikuwa sawa hata kidogo. Tutaona kwamba ukosefu huu wa usawa ulisafiri pamoja na neno hadi China.

3.0 Kichina kabla ya *she*

Kiwakilishi cha nafsi ya tatu umoja katika Kichina Sanifu hutamkwa *tā*. Herufi yake ya kale, 他, ilimaanisha kwanza ‘mwingine’ au ‘kingine’, na katika vipindi vya kati vya historia ya lugha hiyo ndipo ilipojipatia kazi ya kiwakilishi cha nafsi. Upande wake wa kushoto una kijenzi kinachotokana na herufi ya ‘mtu’. Herufi hiyo ilimtaja mwanamume, mwanamke, na mara nyingine hata kitu, bila kuuliza zaidi. Maandishi ya kale ya kifasihi yalikuwa na viwakilishi vingine, navyo pia havikubagua jinsi.

Tofauti moja na Kiswahili inafaa kutajwa mapema. Katika Kiswahili, kwa kawaida kitenzi hakisimami bila kiambishi cha nafsi: *amekuja*, *anapika*, *atarudi*. Mswahili hutaja nafsi ya tatu katika vitenzi vingi, ila hataji jinsi. Mchina anaweza kuiacha nafasi ya kiima tupu kabisa iwapo muktadha unatosha, au kurudia jina, cheo au neno la udugu. Kwa hiyo mjifunzaji Mchina anapofika kwenye Kiingereza anadaiwa mambo mawili kwa mpigo: kwanza aseme kiwakilishi mahali ambapo lugha yake ingenyamaza, kisha achague jinsi mahali ambapo lugha yake isingeuliza. Mjifunzaji Mswahili anadaiwa deni la pili tu.

4.0 Sarufi za mwanzo na tatizo la safuwima tatu

Robert Morrison, mmisionari Mprotestanti kutoka Uingereza, aliwasili Guangzhou mwaka 1807. Chuo cha Kiingereza na Kichina alichokianzisha yeye na wenzake huko Malacca mwaka 1818 kilihitaji vitabu, na mwaka 1823 alichapisha sarufi ya Kiingereza kwa ajili ya wanafunzi wake. Mwandishi yeyote wa kitabu cha namna hiyo alilazimika kukabili jedwali lenye safuwima tatu, *he*, *she* na *it*, huku lugha ya wanafunzi ikiwa na neno moja la kujaza zote. Njia ya kawaida ilikuwa kuongeza maelezo: ‘yeye wa kiume’, ‘yeye wa kike’, ‘kitu hicho’. Maana ilifika, lakini hakuna aliyeongea hivyo.

Haja ya Kiingereza iliongezeka kwa nguvu ya mizinga. Mkataba wa Tianjin wa mwaka 1858 kati ya Uingereza na China uliweka sharti kwamba mawasiliano rasmi ya Waingereza yaandikwe kwa Kiingereza, na kwamba pakitokea tofauti ya maana, matini ya Kiingereza ndiyo itakayohesabika kuwa sahihi. Miaka minne baadaye, mwaka 1862, serikali ya nasaba ya Qing ilifungua Tongwen Guan mjini Beijing, shule ya kufundisha lugha za kigeni, na Kiingereza kikawa somo la kwanza. Kujifunza Kiingereza hakukuwa tena udadisi wa wafanyabiashara wa bandarini. Kulikuwa suala la dola kuelewa ilichokitia saini.

Mwaka 1878, Guo Zansheng alipotafsiri kitabu cha sarufi ya Kiingereza, alichagua njia tofauti na ile ya maelezo marefu. Aliyachukua maneno matatu yaliyokuwamo tayari katika Kichina, 他, 伊 na 彼, akayagawia *he*, *she* na *it*. Uamuzi huu unaonekana mdogo, ila una uzito. Kabla yake, mwalimu alikuwa akieleza Kiingereza kwa Kichina. Sasa Kichina kilipangwa upya ili kilingane na jedwali la Kiingereza. Mitihani ya kale ya utumishi wa dola ilipofutwa mwaka 1905 na shule za mtindo mpya kuenea, jedwali hilo likawa mbele ya macho ya wanafunzi wengi zaidi kuliko wakati wowote uliopita.

5.0 Kuzaliwa kwa herufi, 1918–1924

Liu Bannong, mzaliwa wa Jiangyin mwaka 1891, alikuwa miongoni mwa walimu wa Chuo Kikuu cha Beijing waliopigania maandishi yafuate lugha ya mazungumzo badala ya lugha ya kale. Kundi hilo lilitafsiri sana, na mfasiri ndiye wa kwanza kuumizwa na *she*. Riwaya ya Ulaya inapowaweka mume na mke chumba kimoja na kuendelea kwa *he* na *she* kwa kurasa mbili, mfasiri wa Kichina aliye na *tā* moja tu lazima ama arudie majina ama amwache msomaji akipapasa gizani.

Mwezi Agosti 1918, Zhou Zuoren alichapisha katika jarida la Vijana Wapya tafsiri ya hadithi ya Strindberg, mwandishi wa Uswidi. Katika utangulizi wake alieleza kwamba Liu Bannong alitaka kuunda herufi mpya kwa kukiondoa kijenzi cha ‘mtu’ katika 他 na kuweka kijenzi cha ‘mwanamke’, yaani 她. Kwa kuwa herufi za risasi za kuchapia hazikuwa rahisi kupatikana, Zhou aliamua kuweka herufi ndogo ya ‘mwanamke’ baada ya 他. Kwa hakika umbo 她 halikuwa jipya kabisa, kwani kamusi za kale zililitaja kama namna nyingine ya kuandika neno la ‘dada mkubwa’. Hata hivyo, lilikuwa limelala kwa karne nyingi, na kazi iliyopewa sasa ilikuwa mpya.

Mjadala ulikuwa mkali. Zhou mwenyewe aliegemea 伊 kwa muda, na Lu Xun, kaka yake, aliitumia 伊 katika hadithi zake za mwanzo kabla ya kuhamia 她, kama inavyoonekana katika hadithi yake ya mwaka 1924 kuhusu mjane mtumishi wa nyumbani. Mwaka 1920 mwandishi aliyejulikana kwa jina la Han Bing aliipinga herufi hiyo. Alihoji kwa nini nafsi ya tatu itofautishwe ilhali nafsi ya kwanza na ya pili hazitofautishwi, na kwa nini iundwe tofauti ambayo sikio haliwezi kuisikia. Liu, ambaye wakati huo alikuwa masomoni London, alijibu kwa makala iliyochapishwa Shanghai mwezi Agosti mwaka huohuo. Alieleza kwamba ‘mimi’ na ‘wewe’ huonana ana kwa ana, ilhali anayetajwa katika nafsi ya tatu huwa hayupo, hivyo alama ya kumtambulisha ina faida. Kuhusu sauti, alikubali kwamba tatizo lipo, akapendekeza herufi hizo mbili zitofautishwe pia katika matamshi.

Mwezi mmojabaadaye, akiwa bado London, Liu aliandika shairi la kumtamani mpendwa aliye mbali, ambalo Zhao Yuanren alilitia muziki mwaka 1926. Wimbo huo ulisaidia sana kuieneza 她. Kuna kinaya hapa kinachostahili kuangaliwa: katika wimbo, herufi haionekani. Anayeusikia bila kuyasoma maneno yake husikia *tā* tu, na hawezi kusema kama anayetamaniwa ni mwanamke, mwanamume au nchi.

6.0 Gharama ya herufi mpya

Kuongeza neno katika mfumo hakumalizikii kwenye neno hilo. 他, iliyokuwa ya watu wote, ilisinyaa ikawa ya wanaume. Lakini haikusinyaa kikamilifu: kundi la watu lenye wanaume na wanawake huandikwa kwa 他 katika wingi, hata kama mwanamume ni mmoja. Kwa namna hii, hali ile ya *he* inayomeza *she*, ambayo sheria ya Uingereza ya mwaka 1850 iliitamka rasmi, ilipata makao katika mwandiko ambao hapo awali haukuwa nayo.

Wapo waliolitambua hilo mapema. Jarida la wanawake liitwalo Funü Gongming, katika miaka ya mwisho ya 1920 hadi katikati ya miaka ya 1930, lilikataa kuitumia 她. Hoja yake ilikuwa ya kimaandishi na ya kisiasa kwa pamoja: wanaume wameachiwa herufi yenye kijenzi cha ‘mtu’, na wanawake wameondolewa humo, kana kwamba si sehemu ya utu. Hoja hii haikushinda, lakini haijapotea. Leo vijana wa China wanapoandika mtandaoni kuhusu mtu ambaye jinsi yake haijulikani au hawataki kuitaja, wengi huandika *TA* kwa herufi za Kilatini. Baada ya miaka mia moja, mwandiko unatafuta njia ya kurudi kwenye kile ambacho ulimi haukukiacha kamwe.

Maana ulimi haukukiacha. Majaribio ya kuipa 她 matamshi yake hayakufaulu. Herufi tatu, 他, 她 na 它, zinazosimama mbele ya *he*, *she* na *it* katika kila kitabu cha shule, zote hutamkwa *tā*. Hapa ndipo tunapopata jibu la swali la utangulizi. Jedwali linamdanganya mwanafunzi kwa kumwambia kwamba tofauti ya *he* na *she* anayo tayari katika lugha yake. Anayo, lakini mkononi. Anapoandika Kiingereza hukosea mara chache, kwa kuwa mkono umezoea kuuliza na jicho lina muda wa kurudi nyuma. Anapozungumza, mpango wa sentensi hujengwa haraka kutokana na dhana ya ‘mtu yule’, na katika hatua hiyo mazoea ya lugha yake hayajawahi kumtaka aulize: wa kiume au wa kike? Ndiyo maana kosa hili huripotiwa hata kwa wenye umahiri wa juu, tena zaidi katika usemi kuliko katika maandishi.

7.0 Kiswahili kama kioo

Kiswahili nacho kilipimwa kwa jedwali lilelile. Tangu sarufi za karne ya 19, kama ile ya Edward Steere ya mwaka 1870, wageni walilazimika kueleza kwamba *yeye*, *a-*, *-m-* na *-ake* hazibagui jinsi. Kilichotofautiana ni matokeo. Wafasiri wetu hawakuunda kiwakilishi cha kike. Julius Nyerere alipotafsiri tamthiliya ya Shakespeare kwa jina la *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969, alikutana na Portia aliyejigeuza mwanasheria wa kiume. Katika Kiingereza, kila *he* inayomhusu mwanasheria huyo ni sehemu ya kinyago, na hadhira inayojua siri hufurahia. Kiambishi *a-* hakiwezi kuvaa kinyago hicho, kwa kuwa hakina uso wa kuficha. Mchezo unabebwa na mavazi, majina na vyeo. Kuna ladha inayopungua, na hakuna haja ya kulificha hilo. Ila tamthiliya haikuanguka.

Je, lugha isiyo na *she* ina upungufu? Swali hili linafaa kugeuzwa. Kichina humtofautisha kaka mkubwa, *gēge*, na mdogo wa kiume, *dìdi*. Kiingereza kina *brother* tu. Kiswahili humtofautisha shangazi na mama mdogo, na Kichina hufanya vivyo hivyo. Kiingereza huwaita wote *aunt*. Mjomba na baba mdogo, ambao katika jamii zetu wana haki na wajibu tofauti kwenye mahari, urithi na matanga, Kiingereza huwafunika kwa neno moja. Hata hivyo, hakuna mkutano wa wanazuoni ulioitishwa London kuziba pengo hilo. Upungufu, basi, hutangazwa na mwenye mizani. Liu Bannong na wenzake hawakuwa vibaraka. Walikuwa wafasiri waliotafuta zana, na zana waliyoipata inafanya kazi. Ila walikuwa wakiitafuta katika zama ambapo jedwali la Kiingereza ndilo lililohesabiwa kuwa jedwali la lugha zote.

8.0 Hitimisho

Historia hii ina mafunzo mawili. La kwanza ni la darasani. Mwalimu wa wanafunzi Wachina, na hali kadhalika wa wanafunzi wetu, asiridhike na jedwali wala asitegemee kicheko. Tofauti ya *she* na *he* ijengwe kwa mazoezi ya mdomo: masimulizi ya watu wawili wa jinsi tofauti, yanayorudiwa mpaka swali la jinsi liulizwe kabla ya kitenzi. Kosa lihesabiwe jinsi lilivyo, yaani alama ya lugha ya kwanza inayofanya kazi yake vizuri, na si kipimo cha akili ya mwanafunzi.

La pili ni la wanaisimu. Herufi huweza kuundwa katika mwaka mmoja na kukubalika katika kizazi kimoja. Ulimi hauamriwi hivyo. Neno *she* lilifaulu kuubadilisha mwandiko wa taifa kubwa, lakini mama wa Kichina anapomwita mtoto wake ndani na kusema *tā* amefika, mtoto hutoka mlangoni kuangalia ni nani, kama atokavyo mtoto wa Kiswahili anapoambiwa *amefika*.